Indeksi ipo lakini ripoti bado inakwama: dalili na vyanzo vyake

Malalamiko yenyewe huwa mafupi: "Mfumo umelala." Anayepiga simu ni mhasibu wa chama cha msingi, Kibosho au Marangu. Wakulima wamejaa dirishani wakisubiri kuambiwa kilo zao, na ripoti ya mapokezi inazunguka tu kwenye skrini. Ukiingia kwenye kanzidata unakuta indeksi (orodha zilizopangwa za kuharakisha utafutaji) zipo, tena tele. Kila fundi aliyepita aliacha yake. Hapo wengi huongeza nyingine na kuondoka. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye mgawanyo wa safu: iliyopaswa kuwa kwenye ufunguo imebebwa tu, iliyopaswa kubebwa imebanwa kwenye ufunguo, au ufunguo una safu sahihi kwa mpangilio usioendana na swali.

Tutakwenda kwa dalili. Mifano karibu yote inatumia jedwali moja la kubuni la mapokezi ya kahawa:

```
CREATE TABLE mapokezi (
  id               bigint PRIMARY KEY,
  chama_id         int NOT NULL,
  mkulima_id       int NOT NULL,
  msimu            char(9) NOT NULL,      -- '2023/2024'
  tarehe           date NOT NULL,
  namba_stakabadhi varchar(20) NOT NULL,
  kilo             decimal(8,1) NOT NULL,
  hali             varchar(12) NOT NULL,  -- 'haijalipwa', 'awali', 'imekamilika'
  simu             varchar(15),
  maelezo          varchar(2000)
);
```

Kabla ya kugusa chochote

Soma mpango wa utekelezaji, yaani njia ambayo injini ya kanzidata imeichagua kujibu swali. Kwenye PostgreSQL ni `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`. Kwenye SQL Server washa mpango halisi pamoja na `SET STATISTICS IO ON`. Kwenye MySQL kuna `EXPLAIN`, na kuanzia toleo 8.0.18 kuna pia `EXPLAIN ANALYZE`. Kumbuka kwamba `EXPLAIN ANALYZE` inaliendesha swali kweli kweli. Ukiipa `UPDATE` kwenye PostgreSQL, ifunge ndani ya `BEGIN` na `ROLLBACK`, la sivyo umebadilisha hali za malipo za watu ukidhani unapima.

Hesabu kurasa (vipande vya data ambavyo injini husoma kimoja kimoja), usihesabu sekunde. Mara ya pili swali lilelile linakuta data iko kwenye RAM na linaonekana limepona lenyewe. Na usipime kwenye kompyuta yako yenye mistari mia mbili ya majaribio: jedwali dogo injini hulisoma lote bila kujali indeksi, na ina haki.

Jambo moja la msingi linabeba yote yatakayofuata. Indeksi ya mti wa B ni kama daftari la karani lililopangwa kwa chama kwanza, kisha tarehe ndani ya kila chama. Safu za ufunguo ndizo zinazoamua mpangilio huo, kwa hiyo zinatumika kutafuta na kupanga. Safu za kubebwa zimeandikwa pembeni ya kila mstari, kwenye majani ya mti tu. Ukishafika zinasomeka, lakini haziwezi kukufikisha. SQL Server ilileta `INCLUDE`, neno la kutaja safu za kubebwa, toleo la 2005, PostgreSQL ikaileta toleo la 11 mwaka 2018.

Dalili: mpango unasema indeksi imetumika, lakini kurasa zilizosomwa ni nyingi mno

Hii ndiyo dalili inayopoteza muda wa watu kuliko zote, kwa sababu mpango unaonekana mzuri. Chukua swali hili:

```
SELECT tarehe, kilo FROM mapokezi
WHERE chama_id = 14
  AND tarehe BETWEEN '2023-10-01' AND '2023-10-31';
```

Indeksi iliyopo ni `(tarehe, chama_id)`. Safu zote mbili zimo, na bado swali linapumua kwa shida. Chanzo: tarehe imetangulia, kwa hiyo injini inaingia Oktoba 1 na kutembea mwezi mzima ikipitia mapokezi ya vyama vyote, Machame mpaka Rombo, huku ikitupa kila kisicho chama 14. Oktoba kahawa ya mlimani inavunwa kwa wingi. Huo ndio mwezi mbaya kabisa wa kutembea hivyo.

Kwenye SQL Server utaiona ukibofya alama ya `Index Seek`: tarehe iko chini ya `Seek Predicates`, chama kiko chini ya `Predicate`. La kwanza linafikisha, la pili linachuja tu. PostgreSQL ni mjanja zaidi wa kukudanganya, maana masharti yote mawili yataonekana kwenye `Index Cond` hata pale ambapo la pili halikupunguza eneo linalosomwa. Kinachomuumbua ni namba za `Buffers`. Mistari mia tatu iliyorudi haipaswi kugharimu kurasa elfu kadhaa za indeksi.

Dawa ni kugeuza: `(chama_id, tarehe)`. Safu zinazolinganishwa kwa usawa zitangulie, safu ya masafa (kati ya hii na hii, kubwa kuliko, ndogo kuliko) ifuate. Baada ya safu ya masafa, safu yoyote ya ufunguo inayofuata haiwezi tena kufinya eneo la kusoma.

Utasikia kanuni nyingine mitaani: "weka mbele safu yenye thamani nyingi tofauti." Siikubali kama kanuni. Swali likiwa na usawa kwa safu zote mbili, mfano `chama_id = 14 AND mkulima_id = 2051`, mpangilio wowote utafika mahali palepale kwa gharama ileile. Kinachoamua ni maswali mengine. Kama kuna ripoti inayouliza kwa chama peke yake, chama kitangulie ili indeksi moja ihudumie zote mbili. Kanuni ile ndiyo inayowafanya watu waweke tarehe mbele, kwa kuwa tarehe ni nyingi kuliko vyama, na tunarudi pale tulipoanzia.

Ndugu wa tatizo hili ni pengo katikati. Indeksi ni `(chama_id, msimu, tarehe)`, swali linataja chama na tarehe bila msimu. Injini inafika kwenye chama, kisha inakwama, kwa sababu tarehe zimepangwa ndani ya kila msimu. Kwenye MySQL angalia `key_len`: ikisema 4, maana yake ni baiti nne za `chama_id` pekee zilizotumika kutafuta. Kwa kuwa mwandishi wa ripoti anajua tarehe, msimu nao anaujua; kuongeza `AND msimu = '2023/2024'` kwenye swali ni rahisi kuliko kujenga indeksi mpya. PostgreSQL 18 imeleta uwezo wa kuruka safu isiyotajwa, unaosaidia pale safu hiyo ina thamani chache. Usijenge juu yake kama bado seva yako iko toleo la 13.

Dalili: masharti mawili ya masafa na indeksi haitoshi

Mfano wa hii ni wa Arusha, kwa sababu ofisi za safari ndiko inakoota. Swali: gari hili liko wazi kati ya tarehe 10 na 15 Agosti? Yaani, kuna safari yoyote inayogongana?

```
SELECT id FROM safari
WHERE gari_id = 7
  AND kuanza  <= '2024-08-15'
  AND kumaliza >= '2024-08-10';
```

Ukiwa na `(gari_id, kuanza, kumaliza)`, ni gari na tarehe ya kuanza pekee zinazofinya eneo. Kila safari ya gari hilo tangu liliponunuliwa hadi Agosti 15 itapitiwa. Hakuna mpangilio wa ufunguo wa mti wa B utakaoponya hili, usipoteze usiku wako.

Dawa ya bei nafuu ni kuongeza mpaka wa chini. Kama ofisi haiuzi safari inayozidi siku 21, basi iliyoanza zaidi ya siku 21 kabla ya Agosti 10 haiwezi kuwa bado iko Serengeti. Ongeza `AND kuanza >= '2024-07-20'` na eneo linakuwa dogo. Dawa kamili kwenye PostgreSQL ni kutumia aina ya `daterange` na kizuizi cha `EXCLUDE` chenye indeksi ya GiST (aina ya indeksi inayoweza kutafuta masafa yanayogongana), ambacho kinakataa kabisa gari moja kuuzwa mara mbili kwa siku zilezile. Kwa ofisi inayouza magari, ningekwenda huko moja kwa moja.

Je, `kumaliza` iwe ufunguo au ibebwe? Kwenye SQL Server haina tofauti kubwa, itachujwa ndani ya indeksi kwa vyovyote. Kwenye PostgreSQL iweke mwisho wa ufunguo. Safu iliyobebwa haiwezi kuwa sehemu ya `Index Cond`. Ikiwa ufunguoni, mstari usiofaa unatupwa kabla injini haijaenda kuuangalia jedwalini.

Dalili: `Key Lookup` inakula karibu gharama yote

Ufunguo uko sawa, eneo ni dogo, lakini pembeni ya `Index Seek` kuna `Key Lookup` (au `RID Lookup` kama jedwali halina indeksi ya kundi, yaani `clustered`). Kila mstari uliopatikana kwenye indeksi unasababisha safari nyingine ya kurudi jedwalini kuchukua safu iliyokosekana. Kwa mistari kumi hakuna anayejali. Kwa mistari elfu ishirini ya msimu mzima, mpangaji (sehemu ya injini inayochagua mpango) anaweza kuamua kuwa ni nafuu kusoma jedwali zima, na hapo ndipo swali lilelile linakuwa na kasi kwa chama kidogo na kukwama kwa chama kikubwa.

Kwenye swali letu la kwanza safu inayokosekana ni `kilo`. Haichuji, haipangi, inajumlishwa tu kwenye ripoti. Hiyo ndiyo sura kamili ya safu ya kubebwa:

```
CREATE INDEX ix_mapokezi_chama_tarehe
ON mapokezi (chama_id, tarehe) INCLUDE (kilo);
```

Kuiweka `kilo` kwenye ufunguo kungefanya kazi pia, ila injini ingelazimika kudumisha mpangilio wa kilo ambao hakuna anayeuomba, na ngazi za juu za mti zinaweza kubeba thamani zisizoelekeza popote.

Kama swali ni `SELECT *`, simama. Usijaribu kubeba safu zote. Utakuwa umetengeneza jedwali la pili. Muulize aliyeandika ripoti anahitaji safu zipi. Mara nyingi ni nne, na nyota iliwekwa kwa uvivu.

Tahadhari kuhusu mapendekezo ya SQL Server ya indeksi zinazokosekana, yale maandishi ya kijani juu ya mpango. Yanatenganisha vizuri safu za usawa na za masafa, lakini ndani ya kila kundi hayajali mpangilio, hayaangalii kama kuna indeksi inayofanana tayari, na kwenye `INCLUDE` yanamwaga kila safu iliyotajwa na swali. Yachukue kama dokezo. Kuyanakili kama yalivyo ndiko kunakozaa indeksi kumi na saba kwenye jedwali moja.

Dalili: `Sort` haiondoki kwenye mpango

Skrini ya karani inaonyesha mapokezi ishirini ya karibuni ya chama chake: `WHERE chama_id = 14 ORDER BY tarehe DESC`, ishirini za kwanza. Indeksi ni `(chama_id) INCLUDE (tarehe, kilo)`. Hakuna kurudi jedwalini, na bado injini inasoma mapokezi yote ya chama, inayapanga, kisha inatupa yote isipokuwa ishirini. Chanzo: tarehe imebebwa, na kilichobebwa hakina mpangilio. Ihamishie kwenye ufunguo baada ya chama na `Sort` itaondoka. Injini itaingia mwishoni mwa chama 14, isome ishirini kurudi nyuma, imalize.

`DESC` peke yake haihitaji indeksi ya `DESC`, mti unasomeka pande zote mbili. Inahitajika pale pande zinapochanganyika, mfano `ORDER BY tarehe DESC, mkulima_id ASC`. MySQL kabla ya 8.0 ilipokea neno `DESC` kwenye indeksi na kulipuuza kimyakimya, kwa hiyo kwenye seva kuukuu usiamini maandishi ya muundo.

Pale swali lina masafa kwenye safu moja na kupanga kwa nyingine, itabidi uchague. Mfano: tarehe za Oktoba, zipangwe kwa kilo. Ukitanguliza tarehe utapanga baadaye; ukitanguliza kilo utachuja chama kizima. Kwa matokeo machache, tanguliza masafa na uiache `Sort`. Kupanga mistari mia tatu kwenye RAM hakumuumizi mtu.

Dalili: `Index Only Scan` yenye `Heap Fetches` nyingi

Hii ni ya PostgreSQL peke yake. Umebeba kila safu, mpango unasema `Index Only Scan`, lakini chini yake `Heap Fetches` inakaribia idadi ya mistari iliyorudi. Indeksi ya PostgreSQL haijui kama mstari unaonekana kwa muamala wako. Inategemea ramani ya uonekano, inayotaja kurasa ambazo mistari yake yote inaonekana kwa kila muamala, na ramani hiyo inasasishwa na `VACUUM`, kazi ya kusafisha jedwali. Ukurasa uliobadilishwa tangu `VACUUM` ya mwisho lazima ukaangaliwe jedwalini.

Kabla ya toleo la 13, jedwali linaloingiziwa mistari tu bila kubadilishwa wala kufutwa halikuamsha `autovacuum` (`VACUUM` inayojiendesha yenyewe) kwa sababu ya maingizo hayo. Mapokezi ya kahawa yana sura hiyohiyo: kuanzia Julai yanaingia tu. Endesha `VACUUM (ANALYZE) mapokezi;` upime tena. Ikipona, shusha kizingiti cha jedwali hilo:

```
ALTER TABLE mapokezi
SET (autovacuum_vacuum_insert_scale_factor = 0.02);
```

Chaguo-msingi ni 0.2, yaani jedwali lisubiri kuongezeka kwa takriban asilimia 20. Kwa jedwali lililokusanya misimu mingi, asilimia 20 ni karibu msimu mzima.

Na kuna umeme. Seva ikizimika ghafla, PostgreSQL inapoamka na kujiponya takwimu za matumizi zinafutwa na kuanza sifuri, pamoja na zile ambazo `autovacuum` inazitegemea kujua kazi imefika wapi. Ofisi isiyo na betri ya akiba, ambayo umeme unakatika mara kwa mara, inaweza kukaa muda mrefu bila jedwali kubwa kufikia kizingiti. Baada ya kuzimika vibaya, endesha `VACUUM` na `ANALYZE` kwa mkono.

Dalili: MySQL inakataa `INCLUDE`

InnoDB, injini ya hifadhi ya MySQL, haina. Weka safu mwishoni mwa ufunguo: `(chama_id, tarehe, kilo)`. Usiongeze `id`, kwa kuwa kila indeksi ya pili ya InnoDB tayari imebeba ufunguo mkuu. Dalili ya kupona ni `Using index` kwenye safu ya `Extra`. `Using index condition` ni kitu kingine: hiyo inamaanisha sehemu ya uchujaji imefanyika ndani ya indeksi, lakini jedwali bado linatembelewa.

Dalili: indeksi inakataa kuundwa, au inaundwa kisha kuingiza kunashindikana

Mtu ameweka `maelezo` kwenye ufunguo. MySQL itakataa papo hapo: kikomo ni baiti 3072 kwa muundo wa mistari wa `DYNAMIC`, na `utf8mb4` inahesabu baiti 4 kwa kila herufi, yaani herufi 768. SQL Server ina kikomo cha baiti 1700 kwa indeksi isiyo ya kundi tangu toleo la 2016, zamani 900. Inakuacha uunde kwa onyo, kisha inakataa mstari wenye maelezo marefu siku ya siku. PostgreSQL nayo hukaa kimya hadi siku kiingizo kimoja cha indeksi kinapovuka baiti 2704 hivi.

Kwenye SQL Server, kuhamishia `maelezo` kwenye `INCLUDE` kunaondoa kosa, maana safu zilizobebwa hazihesabiwi kwenye kikomo cha ufunguo. Kwenye PostgreSQL hakusaidii, kiingizo kizima kinahesabiwa. Lakini swali la kwanza ni kwa nini maelezo yako kwenye indeksi hata kidogo. Kutafuta neno ndani ya maandishi marefu kunahitaji indeksi ya maandishi; `LIKE '%unyevu%'` haitafikishwa na mti wa B, ubebe usibebe.

Dalili: stakabadhi moja imeingia mara mbili ingawa kuna `UNIQUE`

Huyu ni hatari kuliko ucheleweshaji, kwa sababu mkulima mmoja atalipwa mara mbili na mwingine atasubiri. Fundi alitaka ripoti iwe nyepesi, akageuza `UNIQUE (chama_id, namba_stakabadhi)` kuwa `UNIQUE (chama_id, namba_stakabadhi, kilo)`. Sasa stakabadhi namba 00812 yenye kilo 45.0 na namba 00812 yenye kilo 54.0 ni halali zote mbili mbele ya kanzidata, na kupindua tarakimu ndilo kosa karani analoweza kulifanya jioni akiwa amechoka.

Upekee unaangaliwa kwenye safu za ufunguo peke yake. Kwa hiyo `UNIQUE (chama_id, namba_stakabadhi) INCLUDE (kilo)` inatoa vyote viwili. Kabla ya kuiunda tafuta nakala zilizokwisha kuingia kwa `GROUP BY` na `HAVING COUNT(*) > 1`, na umpelekee mhasibu orodha. Usizifute wewe, aliye na kitabu cha stakabadhi mkononi ndiye anayejua ipi ya kweli. Kwenye MySQL, ambako `INCLUDE` haipo, acha `UNIQUE` ya safu mbili na tengeneza indeksi ya pili kwa ajili ya ripoti kama kweli inahitajika.

Dalili: kutafuta kwa namba ya simu kunasoma jedwali zima

Safu ni maandishi, swali limetumwa kama namba bila alama za nukuu. MySQL na SQL Server zitageuza safu nzima kuwa namba mstari kwa mstari, na indeksi inabaki pambo. PostgreSQL inakataa kwa kosa, jambo ninaloliona la heri. Tuma maandishi. Na ukiwa hapo, amua sura moja ya kuhifadhi, 0 mbele au 255 mbele, kwa sababu ukishaanza kuandika `WHERE REPLACE(simu, '+255', '0') = ...` umeifungia indeksi mlango tena. Ni vivyo hivyo kwa `YEAR(tarehe) = 2023`; andika masafa ya tarehe badala yake.

Dalili: kusoma kumekuwa kwepesi, kuandika kumekuwa kuzito

Siku ya malipo ya awali mfumo unabadilisha `hali` ya maelfu ya mistari, na kazi iliyokuwa ya dakika inachukua mchana. Angalia indeksi ngapi zimebeba `hali`. Safu iliyobebwa haimo kwenye mpangilio, lakini nakala yake ipo na lazima isasishwe kila inapobadilika.

Kwenye PostgreSQL gharama ni kubwa zaidi. Mstari ukibadilishwa bila kugusa safu yoyote iliyomo kwenye indeksi, na ukurasa ukiwa na nafasi, injini hufanya sasisho la HOT na haigusi indeksi hata moja. Ukibeba `hali` kwenye indeksi moja tu, umepoteza hiyo: toleo jipya la mstari linahitaji kiingizo kipya kwenye indeksi zote. Pia indeksi yenye `INCLUDE` haifaidiki na ubanaji wa viingizo vinavyojirudia ulioletwa na toleo la 13. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema, "Kaka, iache tu, indeksi ya ziada haidhuru."

Kipimo changu: safu ibebwe ikiwa fupi, haibadilikibadiliki, na kuna swali linaloendeshwa mara nyingi linaloihitaji. `kilo` inapita. `hali` na `maelezo` hazipiti.

Kwa wanaotafuta wasiolipwa, indeksi ya sehemu, inayoshika mistari ya sharti fulani tu, ni bora zaidi:

```
CREATE INDEX ix_mapokezi_deni
ON mapokezi (chama_id, mkulima_id) INCLUDE (kilo)
WHERE hali = 'haijalipwa';
```

Sasisho la HOT bado linakosekana `hali` inapobadilika, lakini indeksi yenyewe inabaki ndogo, maana mstari uliolipwa hauingizwi tena humo. Andika `hali = 'haijalipwa'` wazi ndani ya swali; ukiituma kama kigezo, mpangaji anaweza asiione indeksi hiyo. MySQL haina kitu hiki.

Kisha unganisha zinazofanana. `(chama_id)`, `(chama_id, tarehe)` na `(chama_id, tarehe) INCLUDE (kilo)` zikikaa pamoja, ya tatu inatosha, ilimradi hakuna `UNIQUE` inayotegemea moja ya hizo nyingine. Ila `(tarehe)` peke yake usiiondoe kwa hoja hiyo. Haiko mwanzoni mwa ufunguo.

Wakati wa kujenga iliyo mpya kwenye seva inayotumika, PostgreSQL itumie `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, nje ya muamala, na ukimaliza hakikisha haikuachwa ikiwa `INVALID`. Kwenye SQL Server chaguo la `ONLINE = ON` ni la toleo la Enterprise; bila hilo subiri mizani ifungwe jioni.

Dalili: indeksi inaonyesha haijawahi kutumika

`pg_stat_user_indexes` inasema `idx_scan` ni sifuri, au `sys.dm_db_index_usage_stats` haina mstari wake kabisa. Kabla ya kuifuta uliza mambo mawili. Takwimu zilianza kuhesabu lini? Za SQL Server zinafutika kila huduma inapowashwa upya, na za PostgreSQL tumeona zinavyopotea umeme ukikatika. Pili, msimu uko wapi? Indeksi ya hesabu za malipo ya pili inaweza kulala miezi na kuamka wiki moja kwa mwaka, kahawa ikishauzwa mnadani. Ukiifuta Machi kwa kuangalia takwimu za Januari, utaikumbuka wiki hiyo.

MySQL 8.0 inakuruhusu kuificha bila kuifuta, `ALTER TABLE mapokezi ALTER INDEX ix_fulani INVISIBLE`, na kuirudisha papo hapo mtu akilalamika. SQL Server inaweza kuizima kwa `DISABLE`, lakini kuirudisha ni kuijenga upya. PostgreSQL haina njia rahisi ya hivyo; hifadhi amri ya kuiunda, ambayo utaipata kwa `pg_get_indexdef`, ndani ya faili la mradi pamoja na jina la ripoti iliyokuwa ikiihitaji, ndipo ufute.